Mto Kongo na Maporomoko Yake

Mto Kongo ni wa pili kwa urefu barani Afrika baada ya Nile, kwa kuwa maji yake husafiri takribani kilomita 4,700 kutoka nyanda za juu za kaskazini mwa Zambia hadi Bahari ya Atlantiki. Lakini kwa wingi wa maji hauna mshindani katika bara hili, na duniani kote hupitwa na Amazon peke yake. Kwa wastani, mita za ujazo zipatazo 41,000 huingia baharini kila sekunde. Beseni lake, yaani eneo lote la ardhi ambalo mvua yake huishia katika mto huo, lina ukubwa wa kilomita za mraba takribani milioni 3.7, na limeenea katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kongo-Brazzaville, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kameruni, Angola, Zambia, Tanzania, Burundi na Rwanda.

Mto wenye maji mengi kiasi hicho, unaopenya katikati kabisa ya bara, ungetarajiwa kuwa njia kuu ya meli kutoka baharini hadi bara, kama ulivyo Amazon, ambako meli za baharini hupanda hadi Manaus na hata mbele zaidi. Haikuwa hivyo, na haijawa hivyo hadi leo. Kongo hushuka kama ngazi: hutembea kwa utulivu mamia ya kilomita, kisha huanguka ghafla kwenye miamba, kisha hutulia tena, na kila mahali unapoanguka ndipo chombo kinapolazimika kusimama, mizigo kupakuliwa, na mji kuota. Anayetaka kuelewa kwa nini miji ya nchi hizi imekaa ilipokaa, reli zimepita zilipopita, na hata lugha zimeishia zilipoishia, atapata majibu mengi kwa kutazama mahali mto huu unapovunjika.

Chanzo cha mto kina ubishi wa kitaalamu. Wanaopima kwa umbali huanzia mto Chambeshi, ambao hutoka katika nyanda za juu za Zambia, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, mahali palipo na kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Chambeshi huelekea kusini-magharibi na kupotelea katika vinamasi vya Bangweulu, eneo pana la mafunjo na maji ya kina kifupi ambalo katika msimu wa mvua mpaka kati ya ziwa na nchi kavu hauonekani. Kusini mwa vinamasi hivyo, katika kijiji cha Chitambo, ndipo David Livingstone alipofariki mwaka 1873, na ndipo Chuma, Susi na wenzao walipoanza safari ya miezi mingi ya kuupeleka mwili wake hadi Bagamoyo. Maji yanayotoka Bangweulu huitwa Luapula, nao huzunguka kusini kisha kugeuka kaskazini, ukiwa mpaka kati ya Zambia na Kongo ya Kinshasa, hadi Ziwa Mweru. Kutoka Mweru, penye mji wa Pweto, mto huendelea kwa jina la Luvua, nao huporomoka kwa mamia ya mita kabla ya kukutana na Lualaba huko Ankoro.

Wanaopima kwa mkondo mkuu huanzia Lualaba wenyewe, ambao chanzo chake kiko katika uwanda wa juu wa Katanga, karibu na mpaka wa Zambia, katika nchi ya shaba. Baada ya kupita makorongo ya Nzilo, ambako maji yake yamewekewa bwawa ili kuzalisha umeme wa migodi, Lualaba huingia katika bonde la Upemba, penye msururu wa maziwa na mabwawa yenye samaki wengi. Makaburi yaliyofukuliwa na wanaakiolojia huko Sanga, yakiwa na mapambo na vyombo vya shaba, yanaonyesha kwamba watu walioishi kando ya maziwa hayo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita walikuwa mafundi wa chuma na shaba na walifanya biashara na nchi za mbali. Katika eneo hilohilo ndipo ulipokua baadaye ufalme wa Waluba. Kuanzia Bukama vyombo huweza kusafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Kongolo, na hapo safari hukoma, kwa sababu chini ya Kongolo mto hubanwa katika korongo jembamba ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jahanamu.

Kabla ya Kongolo, karibu na Kabalo, Lualaba hupokea mto Lukuga kutoka mashariki, na hapo ndipo Tanzania inapoingia katika habari hii. Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea maji ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takribani mita 1,470, ambalo lenyewe hupokea Malagarasi kutoka magharibi mwa Tanzania na Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Kwa hiyo mvua inayonyesha Kasulu au Kibondo haina njia ya kufika Bahari ya Hindi. Sehemu yake isiyokaushwa na jua juu ya ziwa huelekea Kongo. Samaki wa Malagarasi wana mengi ya kusema kuhusu jambo hili, kwani baadhi yao wana undugu wa karibu zaidi na samaki wa Kongo kuliko na wale wa ziwa lililo kati yao, na wataalamu hueleza kwamba Malagarasi ulikuwa ukitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo kabla ya Bonde la Ufa kupasuka na ziwa kuukata. Mlango wa Lukuga si wa kutegemewa. Katikati ya karne ya 19 ulikuwa umezibwa na mchanga na magugu, ziwa likapanda, na wasafiri wa miaka ya 1870 walibishana kama maji yalikuwa yakitoka au hayatoki, mpaka mwishoni mwa muongo huo kizuizi kilipovunjika na maji kutoka kwa nguvu. Wakazi wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura, ambao katika miaka ya karibuni wameona ziwa likipanda na kufunika nyumba na magati, wana sababu kubwa kuliko ramani inavyodokeza ya kuufuatilia mto huo mdogo.

Chini ya Milango ya Jahanamu mto huingia Maniema. Ni sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita haraka, kwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Unguja na mrima, wakipitia Tabora na Ujiji, walifika kwenye kingo zake na kujenga makao huko Nyangwe na Kasongo, wakilima mpunga, wakinunua pembe za ndovu na kukamata watumwa. Livingstone aliyefika Nyangwe mwaka 1871 aliamini kwamba Lualaba ulikuwa Nile, na kosa hilo linaeleweka, kwa sababu mto mpana unaoelekea kaskazini bila kukengeuka humshawishi mtu yeyote kudhani unakwenda Misri. Mwezi Julai mwaka huo alishuhudia watu wa wafanyabiashara hao wakiwapiga risasi mamia ya wanawake na wanaume sokoni, naye akaondoka kurudi Ujiji. Miaka mitatu baadaye Verney Lovett Cameron alipima kimo cha Nyangwe na kukuta kiko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro, na maji hayapandi mlima. Lualaba haungeweza kuwa Nile. Ulibaki kuwa Kongo.

Aliyelithibitisha hilo kwa safari ni Henry Morton Stanley, ambaye mwaka 1876 alimwajiri Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, amsindikize sehemu ya kwanza ya njia kutoka Nyangwe, kisha akaendelea na mitumbwi hadi alipofika Boma, karibu na bahari, Agosti 1877. Kwa kawaida sifa ya safari hiyo humwendea mtu mmoja. Waliobeba mashua, waliopiga makasia na waliozama walikuwa hasa watu walioajiriwa Zanzibar na mrima, na zaidi ya nusu ya walioondoka Bagamoyo hawakurudi. Kalulu, kijana wa Kiafrika aliyekuwa amesafiri na Stanley hadi Uingereza, alizama katika maporomoko ya chini, miezi michache kabla ya mwisho.

Kati ya Ubundu na Kisangani mto huvunjika tena, safari hii katika maporomoko saba yanayofuatana kwa takribani kilomita 100, yanayoitwa Boyoma na ambayo enzi za ukoloni yaliitwa Stanley. Hakuna hata moja lililo refu kwa kimo. Kwa jumla maji hushuka mita 60 hivi. Lakini yanatosha kuzuia kila chombo, na kwa ajili yake ilijengwa reli fupi ya kilomita 125 kati ya miji hiyo miwili. Hapo ndipo pia mto unapovuka Ikweta kwa mara ya kwanza. Wavuvi Wagenia wa Kisangani wameyafanya maporomoko hayo kuwa shamba lao: husimika miti mikubwa katika matundu ya miamba, huifunga kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni, na kuning'iniza madema makubwa ambamo samaki husukumwa na nguvu ya maji. Kazi hiyo haiwezekani penye maji matulivu, na huenda ni mojawapo ya kazi chache katika mto mzima ambazo maporomoko yanazisaidia badala ya kuzizuia.

Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa amejitwalia nchi ya Kongo kuwa mali yake binafsi, alimteua Tippu Tip kuwa liwali wa wilaya ya maporomoko hayo. Mpango huo haukudumu, kwani vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa Waarabu na Waswahili huko Maniema, ila lugha yao ilibaki. Kiswahili ni lugha kuu ya mashariki mwa Kongo na mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Anayeshuka na mto hukisikia Kiswahili hadi Kisangani, mahali kinapokutana na Kilingala, lugha iliyoenea kwa mabaharia, askari na wachuuzi wa sehemu ya kati ya mto. Na baada ya Kinshasa, kwenye maporomoko ya mwisho, Kikongo hushika nafasi. Mipaka ya lugha haichorwi na maji peke yake, lakini katika mto huu inafuata kwa karibu mipaka ya vipande vinavyopitika kwa meli.

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 bila poromoko hata moja, na katika masafa yote hayo mto hushuka mita 100 hivi tu. Huenda ukifanya upinde mkubwa kaskazini, huvuka Ikweta mara ya pili karibu na Mbandaka, na hupanuka mahali pengine kuzidi kilomita 10, ukigawanyika kati ya maelfu ya visiwa na mafungu ya mchanga yanayohama kila mwaka. Kulia huingia Aruwimi, Itimbiri, Mongala, kisha Ubangi ulio mpaka na Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville, na Sangha. Kushoto huingia Lomami, Ruki, na hatimaye Kasai, mto mkubwa unaotoka Angola. Kwa kuwa baadhi ya mito hiyo hutoka kaskazini mwa Ikweta na mingine kusini, na misimu ya mvua ya pande hizo hupishana, upande mmoja unapokauka mwingine hufurika, na kwa hiyo Kongo hauna kipindi cha ukame kama mito mingine ya Afrika. Sifa hiyo ya kutopungua sana ndiyo inayowafanya wahandisi wa umeme wautazame kwa tamaa.

Usafiri katika sehemu hii hutegemea tishari zinazosukumwa na meli za injini, ambazo hubeba mafuta, saruji, baiskeli, samaki waliokaushwa, mihogo, mifugo na mamia ya abiria wanaopika na kulala juu ya shehena, pamoja na boti kubwa za mbao zilizojengwa na mafundi wa kandokando. Safari ya kupanda hadi Kisangani huchukua wiki kadhaa. Alama za kuonyesha njia ya maji zimechakaa au zimepotea, vyombo hujazwa kupita kiasi, wengi husafiri usiku, na ajali ni nyingi. Hata hivyo watu hawana njia nyingine, kwa sababu katika msitu huo barabara ni chache kuliko mito.

Chini ya msitu wa eneo hilo kuna hazina iliyojulikana ukubwa wake hivi karibuni. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya vinamasi vya peati, yaani tabaka za mimea iliyokufa ambayo haikuoza kabisa kwa sababu imezama katika maji yasiyo na hewa, vilivyo katika Kongo zote mbili na vyenye eneo la takribani kilomita za mraba 145,000. Walikadiria kwamba vimehifadhi tani bilioni 30 za kaboni, ambayo ingeingia hewani na kuongeza joto la dunia iwapo vinamasi hivyo vingekaushwa.

Baada ya Kasai, mto hujikusanya na kupita kati ya vilima hadi Malebo, mahali unapopanuka kama ziwa. Kwenye kingo mbili za ziwa hilo zimekaa Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu ya nchi mbili inayotazamana ng'ambo na ng'ambo bila daraja kati yao. Pierre Savorgnan de Brazza aliipatia Ufaransa upande mmoja kwa mkataba na Makoko, mtawala wa Wateke, mwaka 1880, na Stanley akajenga kituo cha Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, upande wa pili mwaka 1881. Wote wawili walijua walichokuwa wakigombea: aliyeshika Malebo alishika mwisho wa maji matulivu, na kila kilichotoka ndani ya beseni kingepita mikononi mwake.

Maana chini ya Malebo hakuna kinachopita. Kwa kilomita zipatazo 350 mto hukata milima inayolitenga beseni na bahari, ukishuka mita 270 hivi katika maporomoko 32 yaliyopewa jina la Livingstone, ambaye hakuwahi kuyaona. Wareno chini ya Diogo Cão walifika mdomoni mwa mto mwaka 1482, na kwa karibu miaka 400 Wazungu hawakuweza kupanda na maji kupita karibu na Matadi; msafara wa Kiingereza wa James Tuckey wa mwaka 1816 ulirudi baada ya kufiwa na wengi, akiwemo Tuckey mwenyewe. Utawala wa Leopold ulilitatua tatizo hilo kwanza kwa mabega ya watu, maelfu ya wapagazi waliolazimishwa kubeba mizigo, zikiwemo meli nzima zilizofunguliwa vipande vipande, na kisha kwa reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898. Hesabu za utawala wenyewe zilitaja wafanyakazi zaidi ya 1,900 waliokufa, wengi mno wakiwa Waafrika, na ni vigumu kuamini kwamba hesabu hizo zilitiwa chumvi. Reli hiyo ndiyo iliyobeba mpira uliokusanywa kwa mijeledi na mauaji hadi mwaka 1908, Leopold alipolazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji.

Nguvu ileile iliyozuia meli ndiyo inayotamaniwa leo. Huko Inga, karibu na Matadi, mto hushuka takribani mita 96 katika masafa mafupi, na inakadiriwa kwamba mahali hapo pangeweza kuzalisha megawati 40,000 hivi. Kilichojengwa ni kidogo: Inga ya kwanza ya mwaka 1972 yenye megawati 351, na ya pili ya mwaka 1982 yenye megawati 1,424, zote mbili zikiwa zimeshindwa kwa miaka mingi kufanya kazi kwa uwezo wao kamili kwa kukosa matengenezo. Waya wa umeme wenye urefu wa takribani kilomita 1,700 uliotoka Inga ulipelekwa moja kwa moja hadi migodi ya Katanga, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa. Mipango ya kupanua Inga imetangazwa na kuahirishwa mara nyingi, na swali la umeme huo utakuwa wa nani, wa migodi na wanunuzi wa nje au wa kaya za Kinshasa zinazopikia makaa, halijapata jibu la kuridhisha.

Katika maporomoko hayohayo mto una kina kinachozidi mita 200, na mkondo wake ni mkali kiasi kwamba samaki wa ukingo mmoja hawawezi kufika ukingo wa pili, hivyo aina zilizokuwa moja zimeendelea kuachana. Yumo samaki mmoja mdogo, mweupe na kipofu, Lamprologus lethops, ambaye huishi vilindini gizani, na anapopandishwa juu ghafla na mikondo hufa kwa mapovu ya gesi yanayojaa mwilini, sawa na mzamiaji aliyepanda haraka.

Baada ya Matadi, chini ya daraja linaloning'inia kwa nyaya za chuma lililofunguliwa mwaka 1983, mto hupitika na meli za baharini hadi Boma na Banana, huku ukingo wa kushoto ukiwa Angola. Mito mingi mikubwa hujenga delta mdomoni, yaani nchi mpya ya tope iliyogawanywa na mikondo mingi. Kongo haujengi, kwa sababu bonde lenye kina kirefu huanza chini ya maji ndani ya mlango wa mto wenyewe na kuendelea chini ya bahari kwa mamia ya kilomita, likimeza mchanga wote. Mwishoni mwa mwaka 2019 mto ulifurika kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa, na katikati ya Januari 2020 rundo la mchanga na tope lililokuwa limekusanyika kwenye kichwa cha bonde hilo liliteleza, likakimbia zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya bahari, na njiani likakata mikongo miwili ya mawasiliano, SAT-3 na WACS, hivyo kwamba intaneti ilizorota katika nchi nyingi za pwani ya magharibi, hadi Afrika Kusini.